Fundi na Gari la Magurudumu Manne: Sura Moja ya Historia ya Ufundi Wetu

Inapotajwa historia ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra za wanafunzi wetu huelekea kwenye ngoma, mashairi, vinyago vya Wamakonde na magofu ya Kilwa. Hayo yote yana haki ya kutajwa. Lakini utamaduni ni jumla ya maarifa ambayo kwayo watu wameyamudu maisha yao mahali walipo, na miongoni mwa maarifa hayo yapo yasiyoandikwa sana vitabuni. Nayo ni ya yule fundi aliyelala chini ya gari bovu katikati ya pori, akiwa na spana tano na kopo la oili, ambaye ilimpasa atambue ni kitu gani kimevunjika kabla giza halijaingia. Makala haya yanahusu ujuzi huo, hasa ule wa kutunza na kuchunguza vyombo vinavyopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya Land Rover za zamani, gari ambalo kwa muda wa miaka thelathini hivi lilikuwa ndilo gari la mganga, bwana shamba, mkaguzi wa shule na askari katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ya usafiri ilivyokuwa kabla ya hapo. Katika sehemu nyingi za bara mbung'o hawakuruhusu farasi wala maksai kuishi, na kwa sababu hiyo mizigo ilibebwa na binadamu. Wapagazi ndio waliobeba pembe na nguo katika karne ya 19, na wapagazi ndio waliobeba risasi na unga katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam, na Kariokor la Nairobi, ni ukumbusho wa jeshi hilo la wapagazi. Msomaji anayekwenda leo Kariakoo kununua beringi au sili ya oili hana budi kujua kwamba anatembea juu ya jina la watu waliofanya kwa mabega yao kazi ambayo baadaye ilifanywa na gia.

Magari yalipokuja, hayakuishinda nchi mara moja. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma husimama pale gurudumu moja linapokosa mahali pa kushika, na udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hauachi mahali pa kushika. Ni katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, ambapo vijana wengi wa nchi zetu waliochukuliwa jeshini walifunzwa udereva na umakanika, wakafika Uhabeshi na Burma, na huko wakayaona magari yaliyovutwa na magurudumu yote manne. Waliporudi nyumbani walikuwa ndio mbegu ya mafundi wa karakana za serikali, za misheni na za mashamba ya mkonge. Mbegu nyingine ilikuwa ya mafundi wa asili ya Kihindi, ambao baba zao wengine walikuja kujenga reli ya kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Katika gereji zao vijana wengi wa Kiafrika waliingia wakiwa wafagiaji wakatoka wakiwa mafundi kamili.

Land Rover yenyewe ilizaliwa kwa dhiki ya vita hiyo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani katika shamba lake huko Anglesey, naye akaona kwamba ikichakaa hana cha kuweka badala yake. Gari lao lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na jambo hilo lililofanywa kwa uhaba likawa baraka kwa miji ya pwani ambako chumvi hula mabati. Aina ya pili ilitoka 1958, na aina ya tatu ikaundwa tangu 1971 hadi 1985. Zote hizo zilikaa juu ya springi za mabamba, na zote, ukiacha zile za miaka miwili ya mwanzo, ziliendeshwa kwa namna moja: magurudumu ya nyuma husukuma wakati wote, na ya mbele huvuta pale tu dereva anapotaka.

Tutazame basi nguvu inavyosafiri. Kutoka kwenye injini inapita klachi, inaingia giaboksi, na nyuma ya giaboksi inaingia sanduku la pili la gia ambalo mafundi huliita transfa. Humo ndimo njia inapogawanyika: propela shafti moja inakwenda nyuma, nyingine inakwenda mbele. Kila moja inaishia kwenye difu, na kutoka kwenye difu zinatoka fito mbili za chuma, ambazo mafundi wengi huziita ekseli, hadi magurudumuni. Miguuni mwa dereva kuna vishikio vitatu. Kile kirefu ni cha gia za kawaida. Chenye kichwa cha njano hukandamizwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Chenye kichwa chekundu kikivutwa nyuma huingiza gia nzito, na hapo magurudumu manne hufungamana yenyewe. Katika difu za magari hayo pinioni ilikuwa na meno 10 na krauni meno 47; ukizidisha hesabu hiyo kwa gia nzito ya transfa na gia ya kwanza, katika magari ya miaka ya hamsini injini ilizunguka karibu mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa mashine inayobadilisha mwendo kuwa nguvu hana haja ya kwenda mbali.

Na nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa adui wa gari lenyewe. Ekseli za nyuma zilikuwa nyembamba kwa kazi hiyo, na kila fundi wa zamani alijua kwamba hapo ndipo penye udhaifu. Dereva mwenye kiburi husubiri mpaka gari limekwisha zama ndipo akumbuke kifimbo cha njano. Wakati huo wote nguvu yote imekwenda kwenye fito mbili tu. Gurudumu huruka juu ya jiwe, huzunguka hewani, kisha hushuka na kushika ghafula, na chuma hukatika. Nadhani ekseli nyingi zilizovunjika katika nchi hizi zilivunjwa na dereva, si na barabara.

Kabla ya kuendelea, niseme kidogo juu ya maneno. Mwanafunzi wa lugha akisikiliza mazungumzo ya gereji atasikia historia ya pwani yote. Usukani ni neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, nalo lilikuwa la chombo cha baharini kabla halijahamia kwenye gari. Parafujo na bomba ni za Wareno. Gari lilitoka Bara Hindi. Gia, klachi, beringi, difu, gasketi na nati zimetoka kwa Waingereza, lakini zimevaa mavazi yetu na zinatii sarufi yetu. Bisibisi ni tunda la nyumbani. Hakuna kamati iliyokaa kuyachagua maneno haya. Yalichaguliwa na watu waliokuwa na mikono michafu na haja ya kuelewana upesi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa 1967, na wakati huo msamiati wa gereji ulikuwa umekwisha kukomaa.

Sasa tuje kwenye uchunguzi, maana hapo ndipo ujuzi wa fundi unapojipambanua na ubahatishaji. Fundi mzuri hafungui kitu kabla hajasikiliza. Akisikia mgongano mmoja mzito gari linapoanza kuondoka, au dereva anapoachia mafuta na kukanyaga tena, atajua kuna ulegevu mahali fulani njiani. Ataweka mawe kwenye magurudumu, atalala chini, atashika propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Kwenye kila ncha ya propela kuna krosi, kiungo chenye mikono minne kinachoiwezesha shafti kuzunguka huku difu likipanda na kushuka kwenye springi. Krosi ikicheza, kosa limeonekana. Unga mwekundu kama wa kutu kandokando ya vikombe vyake ni ushahidi kwamba viberingi vya ndani vimekauka muda mrefu. Hakuna tena grisi itakayoviponya. Kisha atapima bolti zinazoshika propela kwenye difu, kwa kuwa mara nyingi mgongano unaotisha huwa ni nati moja iliyolegea.

Tetemeko ni jambo jingine. Gari likitetemeka kwa mwendo fulani baada tu ya kutoka gereji, fundi wa pili hucheka, kwa sababu anajua alichofanya fundi wa kwanza. Propela ina sehemu mbili zinazoteleza moja ndani ya nyingine, na ikirudishwa ni lazima uma za krosi za ncha zote mbili zilale katika mstari mmoja. Ukikosea jino, shafti huenda kwa kuchechemea. Waliofunzwa vizuri walipiga alama ya tindo kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuvitenganisha. Ni kazi ya nusu dakika.

Kwa mvumo, fundi huuliza unasikika lini. Mvumo unaokuja gari likivuta na kupotea dereva anapoachia mafuta, au kinyume chake, huelekeza kwenye krauni na pinioni. Mvumo usiojali kuvuta wala kuachia huelekeza kwenye beringi. Lakini sauti husafiri katika chesisi, na sikio hudanganywa. Hapo kulikuwa na njia moja ambayo kwa maoni yangu inastahili kufundishwa darasani kama mfano wa fikra ya kisayansi. Fundi aliondoa propela ya mbele na kuliendesha gari kwa magurudumu ya nyuma. Kisha aliirudisha, akaondoa ya nyuma, akakandamiza kifimbo cha njano na kuliendesha kwa magurudumu ya mbele peke yake. Sauti ikibaki mara zote mbili, ugonjwa uko kwenye giaboksi au transfa. Ikitoweka mara moja, ugonjwa umo katika difu la upande ule ambao propela yake ilikuwa imeondolewa. Fundi aliyefanya hivyo pengine hakumaliza darasa la nne, lakini alikuwa akitenga sababu moja baada ya nyingine kama afanyavyo mtaalamu katika maabara.

Kuna kosa lililokuja na lami. Gari hizi hazikuwa na difu ya katikati, kati ya mbele na nyuma. Gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo humezwa na utelezi, lakini kwenye lami kavu haina pa kwenda, na chuma hujipinda chenyewe kama kamba inayosokotwa. Usukani huwa mzito, kishikio hukataa kutoka, na mwisho krosi au ekseli hukatika. Madereva waliokulia kwenye vumbi na matope, walipofika kwenye barabara kuu mpya za miaka ya sitini na sabini, wengi walisahau kurudisha kishikio. Dawa yake ni kurudi nyuma taratibu hatua chache, au kuinua gurudumu moja kwa jeki ili lile sokoto lijifungue, kisha kishikio chekundu kivutwe nyuma na kurudishwa mbele ili cha njano kiruke juu. Kuchanganya tairi mpya mbele na zilizokwisha nyuma huleta ugonjwa uleule, na hiyo ni sababu iliyowachosha mafundi wengi bila kuijua.

Maji nayo yana elimu yake. Difu lililokwenda mwendo mrefu huwa na joto; likiingia ghafula katika mto wa baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia mahali popote penye upenyo. Ndiyo maana watu wenye busara walisimama ukingoni, wakanywa maji, wakaliacha gari lipoe kabla ya kuvuka. Juu ya kila difu kuna tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na matope, joto husukuma oili kupita sili za magurudumu, oili huingia kwenye ngoma za breki, na dereva hulalamika juu ya breki wakati kosa liko kwenye tundu lisilozidi unene wa penseli. Chini ya nyumba ya klachi kuna kizibo kinachofungwa kabla ya kuvuka maji na kufunguliwa baada ya kuvuka. Kisipofunguliwa, oili inayovuja humo hukosa pa kutokea na klachi huanza kuteleza. Baada ya mto, fundi alifungua parafujo ya kukagulia oili ya difu na kuichovya kidole. Oili iliyo safi huwa ya kahawia na hunukia salfa. Iliyoingiwa na maji hufanana na chai ya maziwa, nayo humwagwa yote siku hiyohiyo. Kisha aliisugua baina ya vidole viwili: kumeta kidogo hakumtishi, lakini kipande kinachokwaruza ni jino la mtu fulani.

Mwishoni mwa masika ya 1982 nilikuwa abiria katika Land Rover ndefu iliyotoka Lindi kwenda Dar es Salaam. Wakati huo Rufiji ilivukwa kwa pantoni kule Ndundu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Tulipita Somanga, na katika kilima kidogo cha tope tukasikia mlio kama wa kuni kavu. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Dereva, mtu mzima aliyefunzwa katika karakana ya serikali, hakushuka mara moja. Aliniambia, "Mwalimu, nenda kachungulie chini, uniambie kama propela inazunguka." Nilichungulia kwa mbali, nikamwambia inazunguka. "Basi klachi ni nzima, giaboksi ni nzima. Ni ekseli." Akakandamiza kifimbo cha njano, na magurudumu ya mbele yakatutoa.

Hakutaka, hata hivyo, kuendelea hivyo hivyo, kwa hofu kwamba kipande kilichovunjika kingeingia katikati ya meno ya difu. Alifungua bolti sita za kofia ya gurudumu la nyuma la kushoto, akaivuta ekseli nje bila hata kulitoa tairi. Gari hizi zina sifa hiyo: uzito wa gari hubebwa na beringi zilizo juu ya nyumba ya ekseli, si na ekseli yenyewe, hivyo ekseli ikikatika gurudumu halianguki. Kipande kilichobaki ndani alikitoa kwa kitanzi cha waya, kazi iliyochukua muda kuliko nyingine zote. Kisha aliirudisha kofia pamoja na kipande cha nje ili vumbi na maji visiingie kwenye beringi. Alinionyesha meno ya ekseli mahali yalipokatika: hayakuwa yamenyooka, yalikuwa yamejipinda kama uzi wa parafujo. "Hii ilianza kufa zamani," alisema. "Aliyeifungua mara ya mwisho aliona, akanyamaza."

Tulipofika pantonini alifanya jambo ambalo sikulielewa mpaka aliponieleza. Breki ya mkono ya gari hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ekseli moja ya nyuma ikikatika, difu huzunguka bure na breki hiyo haina cha kushika. Siku ile ilishika kwa kuwa tu kifimbo cha njano kilikuwa chini na magurudumu ya mbele yamefungamana nayo. Hata hivyo alitia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yote manne, akasimama kando ya gari mpaka ng'ambo. Kwa sababu hiyohiyo ni hatari kuinua gurudumu la nyuma kwa jeki ukitegemea breki ya mkono peke yake, hata gari likiwa zima.

Miaka ile ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikausha hazina ya fedha za kigeni. Vipuri vilikuwa haba, na gari lililokufa liligawiwa viungo vyake kwa walio hai. Wapo wanaousifu ubunifu wa wakati huo bila kuchagua, nami sikubaliani nao. Kukata gasketi kwa karatasi nene na kuipaka grisi ni ubunifu. Kuchomelea ekseli iliyovunjika si ubunifu: moto huondoa ugumu uliotiwa kwenye chuma, na kiungo hicho hukatika tena katika kilima kinachofuata, pengine na abiria wakiwa ndani. Kutia oili ya injini katika difu kwa kukosa iliyo nzito kuliwafikisha watu nyumbani, lakini kuliua difu nyingi polepole. Mafundi bora walijua ni wapi subira ni bora kuliko ujanja, na walithubutu kumwambia mkubwa wa ofisi kwamba gari halitaondoka leo.

Kuanzia 1983 Land Rover mpya zilikuja na springi za koili na difu ya katikati, magurudumu manne yakivuta wakati wote. Gari la aina hiyo, lililopewa jina la Defender 1990, liliacha kutengenezwa mwezi Januari 2016. Ofisi nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamia magari ya Kijapani zamani. Hata hivyo mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa maonyesho na msafara, na miongoni mwa yale mapya yalikuwamo ya springi za mabamba, yenye vishikio vitatu. Yanatunzwa na watu ambao wengi wao ni wazee sasa, kila mmoja akiwa na kitabu chote kichwani.

Mmoja wa wazee hao, ambaye gereji yake haiko mbali na shule niliyofundisha, hupokea vijana wawili kila mwaka. Mwezi wa kwanza hawapewi spana. Huwapa kitambaa na kijiti, akawatuma wasafishe matundu ya kupumulia ya kila gari lililoletwa, liwe limeletwa kwa breki, kwa taa au kwa rangi.